Mstari, Safu na Foleni: Kudumu kwa Mvuto wa Tamthilia ya A Chorus Line na Funzo Lake kwa Watafiti wa Simulizi

Ikisiri

Tamthilia ya muziki iitwayo A Chorus Line ilianza kuonyeshwa jijini New York mwaka 1975 na kudumu katika ukumbi mmoja wa Broadway hadi mwaka 1990. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wake ni kwamba huwatia moyo watu wanaohangaika kutimiza ndoto zao. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Yanadai kwamba tamthilia hii hudumu kwa sababu inaonyesha mgongano ambao haiusuluhishi: mwajiri humtaka mtu ajieleze kwa undani kama nafsi isiyo na mfano, kisha humwajiri ili afanane na wenzake. Hoja hii inajengwa kwa kuchunguza jina la tamthilia, muundo wa usaili, simulizi la mhusika Paul na onyesho la mwisho. Makala yanamalizia kwa kuangalia jinsi tamthilia yenyewe ilivyozaliwa kutokana na kanda za sauti za wachezaji, na kupendekeza taratibu za ridhaa kwa watafiti wa simulizi katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Aprili 1990, A Chorus Line ilichezwa kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Shubert. Tangu ihamie hapo Julai 1975 ilikuwa imefikisha maonyesho 6,137, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na tamthilia yoyote ya Broadway. Rekodi hiyo ilisimama hadi mwaka 1997, ilipovunjwa na Cats. Ilikuwa imepata Tuzo 9 za Tony na, mwaka 1976, Tuzo ya Pulitzer katika kitengo cha tamthilia. Mwaka 1985 ilifanywa filamu. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ilirejeshwa Broadway. Na hadi leo huchezwa na vikundi vya kitaalamu, vyuo na shule katika nchi mbalimbali.

Mafanikio haya yanahitaji maelezo, kwa kuwa tamthilia yenyewe imejinyima karibu kila kitu ambacho hadhira ya Broadway ilizoea kukilipia. Jukwaa ni tupu. Nyuma kuna vioo, na sakafuni umechorwa mstari mweupe. Hakuna mapumziko, hakuna mhusika mkuu asiye na mpinzani, na msuko wake unaweza kuelezwa kwa sentensi moja: wacheza densi 17 waliobaki baada ya mchujo wa kwanza wanagombea nafasi 8, nne za wanaume na nne za wanawake, katika onyesho ambalo hatuambiwi jina lake. Kazi wanayoigombea si ya kuwa nyota. Ni kazi ya kucheza nyuma ya nyota, wote kwa hatua moja, na macho ya watazamaji yakiwa kwa mtu mwingine.

Tafsiri iliyoenea ni kwamba watu huipenda kazi hii kwa sababu inasifu uvumilivu. Tafsiri hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi. Kazi nyingi husifu uvumilivu na husahaulika baada ya msimu mmoja. Aidha, kati ya wahusika 17 tunaowafahamu kwa karibu, 9 wanarudishwa nyumbani. Hadhira inayotoka ukumbini ikiwa imefurahi imeshuhudia, kwa hesabu ya kawaida, watu wengi zaidi wakishindwa kuliko wakishinda. Ni lazima basi tutafute chanzo cha mvuto mahali pengine.

2.0 Jina la tamthilia na maneno matatu ya Kiswahili

Njia moja ya kuielewa kazi ya lugha nyingine ni kujaribu kulitafsiri jina lake. Neno la Kiingereza linalobeba jina la tamthilia hii hutumika kwa mambo matatu ambayo Kiswahili huyatenga. Kwanza kuna mstari, yaani alama iliyochorwa sakafuni ambayo wachezaji huamriwa kusimama juu yake. Pili kuna safu, yaani kikosi cha watu waliojipanga bega kwa bega kwa ajili ya kucheza. Tatu kuna foleni, yaani watu wanaosubiri zamu yao ya kupata kitu ambacho huenda kisiwatoshe wote.

Mfasiri wa Kiswahili analazimika kuchagua, na kila chaguo hudhihirisha sehemu moja na kuficha nyingine. Akichagua safu, anaipa tamthilia sura ya umoja na fahari. Akichagua foleni, anaipa sura ya uhaba na kusubiri. Akichagua mstari, anabaki na amri: simama hapa, usivuke. Ulazima huo wa kuchagua una faida ya kihakiki, kwa sababu unafichua kwamba tamthilia yenyewe ni safari kutoka neno moja hadi jingine. Inaanza na foleni, kwa kuwa tunawakuta watu wengi wakitafuta kazi chache. Kwa muda mrefu inakaa juu ya mstari, ambapo kila mmoja huhojiwa. Inaishia katika safu, waliobaki na walioachwa wakicheza pamoja. Mtu anayeitafsiri kwa neno moja tu atakuwa amekwisha kuamua, kabla ya hadhira, kama kazi hii ni ya shangwe au ya huzuni.

Kuna jambo jingine kuhusu mstari huo mweupe. Karibu na mwisho, mwelekezi Zach anaita majina na kuwataka walioitwa wapige hatua mbele. Desturi ya maisha inatufundisha kwamba anayeitwa mbele ndiye aliyeteuliwa. Hapa ni kinyume: walioitwa mbele wanashukuriwa na kuagwa, na waliobaki nyuma juu ya mstari ndio waliopata kazi. Katika ulimwengu wa kikosi, kutokeza ni kosa na kubaki mahali pako ni ushindi. Tendo hilo moja, lisilochukua hata dakika mbili, linaeleza mantiki ya kazi nzima.

3.0 Usaili na sauti kutoka gizani

Neno usaili limetokana na kitenzi saili, yaani kuuliza. Ni istilahi inayoifaa tamthilia hii kuliko majaribio, kwa sababu uwezo wa kucheza unapimwa hasa mwanzoni. Baada ya hapo Zach anawauliza wachezaji habari za maisha yao: jina la jukwaani, jina halisi, mahali na tarehe ya kuzaliwa, kisha utoto, wazazi, sababu ya kuingia katika densi. Wachezaji wanashangaa. Wamekuja na viatu na picha zao. Hawakujiandaa kwa maswali ya namna hiyo. Lakini wanahitaji kazi, na kwa hiyo wanajibu.

Uamuzi muhimu wa kifani ni mahali alipowekwa muulizaji. Kwa sehemu kubwa ya onyesho Zach haonekani. Sauti yake hutoka nyuma ya ukumbi, gizani, kupitia kipaza sauti. Maana yake ni kwamba mwajiri amekaa upande wa watazamaji. Mchezaji anapomjibu Zach, anatutazama sisi. Tunaona huruma kwa anayehojiwa, na papo hapo tumekaa katika kiti cha anayehoji. Tunawapenda wote, na bado tunajikuta tukiwalinganisha, tukijiuliza ni nani tungemwacha. Hakuna mtazamaji anayeweza kudai kwamba yeye ni shahidi tu.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha kwanza cha mvuto unaodumu. Watu wachache wamewahi kucheza densi kwa malipo, lakini karibu kila mtu mzima amewahi kukaa mbele ya jopo na kutakiwa ajieleze. Vilevile, wengi wamewahi kukaa upande wa jopo. Tamthilia hii inawafahamu watu wa pande zote mbili. Muktadha wa mwaka 1975 uliliongezea jambo hili uzito: onyesho lilifunguliwa rasmi Broadway tarehe 19 Oktoba, katika mwezi uleule ambao serikali ya jiji la New York ilinusurika kwa shida kufilisika. Hata hivyo, kazi ambayo ingekuwa imefungwa katika msukosuko wa jiji moja isingeishi miaka 15 baada yake. Iliyoishi ni hali ya usaili.

4.0 Simulizi la Paul

Karibu kila simulizi katika tamthilia hii hupewa muziki. Diana Morales huimba kuhusu mwalimu wa uigizaji aliyemvunja moyo. Wanawake watatu huimba kuhusu utoto uliopata kimbilio katika shule za baleti. Simulizi la Paul halina wimbo wala densi. Anasimama peke yake na kuzungumza.

Paul amejiita San Marco, ingawa jina la familia yake ni Ramirez. Alilichagua jina lenye sauti ya Kiitaliano badala ya jina la Kipuerto Riko. Anaeleza jinsi alivyokuwa kijana shoga aliyeonewa shuleni, akaacha masomo, akapata kazi katika onyesho ambalo wanaume hucheza wakiwa wamevaa kama wanawake, na kuwaficha wazazi kazi hiyo. Siku moja wazazi wanafika bila kutarajiwa na kumwona katika mavazi yake. Anatarajia kukataliwa. Badala yake baba anamwomba msimamizi wa onyesho amtunze mwanawe, na kijana anatambua kwamba hajawahi kumsikia baba akimwita hivyo.

Nguvu ya kifungu hiki inatokana na unyimaji. Hadhira iliyozoea kwamba hisia zikizidi wimbo utaanza, inasubiri wimbo ambao hauji. Mwandishi mwenza wa tamthilia, Nicholas Dante, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Conrado Morales, alikuwa mchezaji densi, na simulizi hili ni lake. Hiyo haimaanishi kwamba ni bora kwa sababu ni la kweli. Masimulizi mengi ya kweli huchosha. Ubora wake umo katika mpangilio: neno moja la baba, lililocheleweshwa hadi mwisho, linabeba mzigo ambao hotuba ndefu ingeuangusha.

Baada ya simulizi hilo, Paul anateleza wakati wa mazoezi, goti lake lililowahi kupasuliwa linaumia, na anaondolewa jukwaani. Aliyetoa siri kubwa kuliko wote hapati hata nafasi ya kukataliwa. Zach anawauliza waliobaki watafanya nini siku watakapokuwa hawawezi tena kucheza, na Diana anajibu kwa wimbo unaokataa kujutia. Wimbo huo huimbwa mara nyingi nje ya tamthilia kama wimbo wa wapenzi walioachana. Ndani ya tamthilia unahusu kazi: wanachokiaga ni densi. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa anaweza kuchagua kati ya mapenzi na upendo. Filamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Richard Attenborough, ilichagua mapenzi: iliuhamisha wimbo huo kwa Cassie na kuuelekeza kwa Zach, mpenzi wake wa zamani. Kwa badiliko hilo swali la mfanyakazi likawa swali la wapenzi, na kiini cha tamthilia kikapotea.

5.0 Safu ya dhahabu

Onyesho la mwisho ndilo linalogawanya maoni ya wahakiki. Wachezaji wote, waliochaguliwa na walioachwa, wanarudi mmoja mmoja wakiwa wamevaa suti za rangi ya dhahabu na kofia ndefu. Wanaimba wimbo wa kumsifu mtu mmoja asiye na mfano, na mtu huyo hayupo jukwaani. Wanaomsifu wamefanana kiasi kwamba mtazamaji hawezi tena kumtambua kwa haraka yule ambaye dakika chache zilizopita alimlilia. Wanazidi kuongezeka, vioo vinawazidisha, na taa zinafifia wakiwa bado wanarusha miguu.

Wapo wanaoliona tukio hili kama zawadi: angalau sasa wote wamepata mwanga. Wapo wanaoliona kama ukatili: nafsi zote tulizozijua zimefutwa. Nadhani kosa ni kudai kwamba lazima tuchague. Hadhira hushangilia kwa nguvu hasa wakati watu iliowapenda wanapotoweka ndani ya safu, na shangwe hiyo ni sehemu ya maana. Cassie ndiye anayelisema jambo hili waziwazi. Yeye alikwisha kucheza peke yake, akaenda California asifanikiwe, na sasa anaomba kurudi kikosini. Zach anamsahihisha tena na tena kwa kurusha mguu juu kuliko wenzake. Kipaji chake ndicho kasoro yake. Anapojibu kwamba wale walio kwenye safu nao ni watu wa pekee, hadanganyi, na hilo halibadilishi masharti ya ajira.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1983, tamthilia ilipokuwa ya kwanza kwa wingi wa maonyesho katika historia ya Broadway, wachezaji 332 waliowahi kushiriki katika matoleo yake walikusanywa katika jukwaa la Shubert. Ilikuwa sherehe kubwa. Ilikuwa pia uthibitisho wa kile ambacho tamthilia husema: nafasi hudumu, mwenye kuijaza hupita.

6.0 Udhaifu wa kazi

Kusema kwamba kazi hudumu si kusema kwamba haina kasoro. Uhusiano wa zamani kati ya Zach na Cassie ndio uzi ulio dhaifu kuliko zote. Mahali pengine maswali ya Zach yanatisha kwa sababu hatujui anataka nini. Katika mabishano yao tunaambiwa anataka nini, na anapungua. Uteuzi wa Cassie nao una historia yake. Katika maonyesho ya mwanzo alikataliwa, na mwigizaji Marsha Mason ndiye aliyemshawishi Bennett aubadilishe mwisho huo, akidai kwamba hadhira inahitaji kuona mtu akipewa nafasi ya pili. Ushauri huo ulikuwa sahihi kibiashara, na pengine kiutu, lakini ulilegeza mantiki ya tamthilia: mchezaji ambaye Zach amesisitiza kwamba hawezi kufanana na wenzake anaajiriwa kufanana nao.

Onyesho la mwaka 2006 lilifuata kwa karibu densi na mandhari ya mwaka 1975, likamalizika baada ya maonyesho 759. Si idadi ndogo, lakini inaonyesha kwamba uaminifu kwa nakala hauleti tena mshtuko wa mwanzo. Ukweli wa kukiri mambo ya siri mbele ya umma, ambao mwaka 1975 ulikuwa mpya jukwaani, sasa ni jambo la kila siku katika televisheni.

7.0 Kanda za mwaka 1974 na funzo kwa watafiti

Tamthilia hii ilianza kwa kinasa sauti. Usiku wa Januari 1974, wachezaji densi wa Broadway walikutana katika chumba cha mazoezi jijini New York kwa wito wa wenzao Michon Peacock na Tony Stevens. Walicheza, kisha wakaketi na kusimulia maisha yao hadi asubuhi, na Michael Bennett akarekodi. Kutokana na kanda hizo, Dante na James Kirkwood waliandika mazungumzo, Marvin Hamlisch akatunga muziki, Edward Kleban akaandika maneno ya nyimbo, na Joseph Papp akatoa nafasi na fedha za maandalizi ya muda mrefu. Baadhi ya wasimulizi walilazimika kufanya usaili ili wapate kuigiza wahusika waliotokana na maisha yao wenyewe.

Wachezaji walitia saini hati za kutoa haki za simulizi zao kwa malipo ya dola 1. Baadaye, mafanikio yalipoonekana, Bennett aliwapangia sehemu ndogo ya mapato. Kitendo hicho kilikuwa cha haki kuliko alivyolazimika kisheria, lakini kilitegemea hisani yake. Wakati huohuo mapato ya tamthilia yaliitegemeza taasisi ya Papp kwa miaka mingi. Hakuna aliyeiba. Kila mtu alikubali. Tatizo ni kwamba walikubali kabla ya yeyote kujua ni kitu gani kinakubaliwa.

Kwa washiriki wa makongamano ya Kiswahili, hali hii haiko mbali. Sehemu kubwa ya data yetu ya fasihi simulizi, isimujamii na historia ya lahaja hutokana na watu walioketi mbele ya kinasa sauti wakamwamini aliyekishika. Simulizi hizo huwa tasnifu, vitabu vya kiada, vipindi vya redio, na sasa hifadhi za kidijitali zinazotumiwa kutengeneza zana za lugha. Hatua muhimu za kisheria zimechukuliwa: Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 chini ya ARIPO, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Lakini vyombo hivyo vimeundwa hasa kwa mali ya jamii. Simulizi la maisha ya mtu mmoja, aliyolitunga mwenyewe kwa kuliishi, haliingii humo kwa urahisi.

Ninapendekeza mambo manne kwa vyuo, mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kwanza, ridhaa iombwe mara mbili: wakati wa kurekodi, na tena pale simulizi linapobadilishwa kuwa zao la aina nyingine. Pili, msimulizi aulizwe kama anataka jina lake litajwe au lifichwe, na jibu liheshimiwe. Tatu, pale panapotarajiwa mapato, mgawo uandikwe kabla ya mapato kupatikana, usingoje hisani. Nne, fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ambayo msimulizi anaitumia nyumbani. Saini iliyowekwa chini ya maneno yasiyoeleweka haina thamani ya kitaaluma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba A Chorus Line haidumu kwa kuwa inatia moyo. Inadumu kwa kuwa inaonyesha kwa uaminifu mpango ambao wengi wetu tunaishi ndani yake: tunatakiwa tujieleze kama watu wa pekee ili tupate nafasi ya kufanana. Mstari, safu na foleni ni maneno matatu katika lugha yetu, na tamthilia inatuonyesha jinsi yanavyoweza kuwa hali moja. Mfasiri atakayeileta katika Kiswahili hana budi kuyahifadhi yote matatu. Mtafiti, kwa upande wake, akumbuke kwamba anapobonyeza kitufe cha kurekodi na kuuliza swali la kwanza, yeye ndiye aliyekaa gizani akishika kipaza sauti, na anayemjibu amesimama juu ya mstari aliouchora yeye.